Mifupa, Nyama, Kisha Pumzi

Masomo: Ezekieli 37:1-10, Mwanzo 2:7, Kutoka 6:9

Tunawasalimu ninyi nyote mlioko Base Camp, Juru na Rubondo, pamoja na ndugu zetu waliohamia mjini Mbarara ambao jarida hili huwafikia mkono kwa mkono. Sisi tunaoandika ni wale mliotuchagua kutembelea wagonjwa. Wengi wenu mnatujua kwa sababu tumewahi kuingia nyumbani kwenu usiku.

Kuna neno ambalo tumekaa nalo muda mrefu bila kulisema mbele ya kanisa. Tunalisema leo kwa ruhusa ya wazazi wanaohusika, nao wametuomba tusiwataje.

Ilikuwa mwanzo wa mvua, miaka kadhaa iliyopita. Tuliitwa kwa familia moja yenye mtoto wa miezi tisa. Tulimkuta anahema upesi upesi, matundu ya pua yanapanuka, na kila alipovuta pumzi sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani, hata mbavu zikaonekana kama za mtoto mwenye njaa. Lakini hakuwa na njaa, siku mbili kabla alikuwa mnene anacheka. Tulifanya tulivyozoea. Tulifunga dirisha ili baridi isiingie, tukamfunika mablanketi mawili, tukajaa watu kumi na wanne katika chumba kimoja cha udongo chenye taa ya mafuta, tukaanza mkesha. Tuliimba, tukafunga, tukakemea. Kama saa nane za usiku kule kuhema kulipungua. Mlio uliokuwa unatoka kifuani ukanyamaza. Mtoto akatulia mikononi mwa mama yake. Mmoja wetu akasema, Bwana ametenda, nasi tukapiga vigelegele, tukatoa shukrani, tukaenda kulala.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliitwa tena. Tulimzika siku hiyo hiyo jioni.

Baada ya matanga, dada yetu muuguzi, ambaye alifanya kazi miaka mingi upande wa Uvira kabla ya kukimbia, alitukalisha akatuuliza swali moja tu. Alisema: alipotulia, mlizihesabu pumzi zake? Sisi hatukujua kwamba pumzi ya mtoto huhesabiwa. Tukamwambia tulimshukuru Mungu kwa kuwa mtoto amepumzika. Naye akasema, kwa upole kabisa, kwamba mtoto yule hakuwa amepumzika, alikuwa amechoka.

Neno hilo ndilo tunalotaka kulieleza, na ili lieleweke ni lazima kwanza tuseme jinsi Mungu alivyoutengeneza mwili upumue. Dada yetu alitufundisha kwa siku tatu. Siku ya kwanza alikwenda sokoni akanunua mapafu ya mbuzi yakiwa bado yameunganika na koo lake la hewa. Akayaosha, akaingiza mrija kooni, akampa kijana mmoja apulize. Mapafu yalipanda yakawa makubwa, ya rangi ya waridi, watoto wakapiga kelele. Kijana alipoondoa mdomo, yalinywea yenyewe. Hakuna aliyeyabana. Dada yetu akauliza: mmeona nini? Tukasema, yamejaa na yamepungua. Akasema, mmeona kwamba pafu halijui kujijaza. Likiachwa peke yake linanywea tu.

Sisi tulikuwa tunadhani mapafu ndiyo yanayovuta hewa. Sivyo. Pafu ni laini kama sifongo, na ndani yake halina msuli wa kujipanua. Kazi inafanywa na vile vinavyolizunguka. Chini ya mapafu, kati ya kifua na tumbo, kuna msuli mpana na mwembamba, umeinuka katikati kama bakuli lililofunikwa. Madaktari huuita diaframu, na katika vitabu vingine vya Kiswahili umeandikwa kiwambo. Msuli huo ukijikaza unashuka na kuwa bapa, unasukuma tumbo chini. Ndiyo maana tumbo la mtu aliyelala hupanda na kushuka. Wakati huo huo misuli midogo iliyo kati ya ubavu na ubavu huziinua mbavu juu na kuzipeleka nje. Kifua kinapata nafasi. Mapafu yameshikamana na ukuta wa kifua kwa utando wenye majimaji kidogo sana, kama vile vioo viwili vilivyolowa maji visivyotaka kuachana, kwa hiyo kifua kikipanuka mapafu nayo hufuata. Msukumo wa hewa ndani unakuwa mdogo kuliko ule wa nje, na hewa ya nje inaingia. Mhunzi anajua jambo hili. Anapoinua ngozi ya mivukuto yake haiiti hewa kwa jina. Anaifanyia nafasi, nayo inakuja.

Kutoa pumzi ni rahisi zaidi. Misuli inalegea, mapafu yananywea kama yale ya mbuzi, hewa inatoka. Mtu mzima aliyetulia hufanya hivyo mara 12 hadi 20 kwa dakika, na ukihesabu mchana na usiku ni kama mara 17,000 hadi 29,000 kwa siku moja. Kila mara huingia kama nusu lita. Ndani kabisa hewa hufika kwenye vifuko vidogo mno ambavyo hesabu yake ni mamia ya mamilioni; vyote vikitandazwa chini vingeweza kufunika sakafu ya mita 7 kwa 10, yaani kanisa dogo la watu mia. Hapo damu inapokea oksijeni na kuacha hewa iliyotumika. Hayo yote mtu anayafanya akiwa amelala, kwa sababu sehemu ya chini ya ubongo inatuma amri bila kumwuliza, na mishipa ya fahamu inaipeleka kutoka shingoni hadi kwenye diaframu. Hata kwikwi ni msuli huo huo, umejikaza ghafla pasipo kuitwa.

(Wengine wetu, huko tulikotoka, tulimwona mtu aliyechomwa kifuani kwa risasi au kwa kisu, jeraha likivuta hewa. Dada yetu alieleza kwamba hewa ikipata njia nyingine ya kuingia kati ya kifua na pafu, ule mshikamano unavunjika na pafu linanywea, ingawa lenyewe linaweza kuwa na tundu dogo tu. Hatukai sana hapo. Tumeandika kwa ajili ya wale ambao kwa miaka mingi wamejiuliza kwa nini ndugu yao alishindwa kupumua na damu ilikuwa kidogo.)

Sasa turudi kwa mtoto. Mtoto mchanga hajaumbwa kama mtu mzima mdogo. Mbavu zake ni laini, sehemu yake bado ni gegedu, na zimelala karibu sawasawa, hazikuinama kama zetu, kwa hiyo haziwezi kuinuka sana. Karibu kazi yote anamwachia diaframu. Akipata nimonia, ambayo wengine tunaiita kichomi au homa ya mapafu, vile vifuko vinajaa majimaji na usaha. Pafu linakuwa gumu, halifunguki. Diaframu inavuta kwa nguvu zaidi, lakini kwa kuwa pafu linakataa na mbavu ni laini, ukuta wa kifua ndio unaoingia ndani. Hiyo ndiyo ile hali tuliyoiona usiku ule: kifua kinabonyea badala ya kujaa. Tulikuwa tumeitazama kwa macho yetu kwa saa sita. Ilikuwa inasema, nasi hatukuijua lugha yake.

Msuli ni msuli. Mama anayepanda kilima na jerikeni la lita 20 kutoka ziwani anaweza kwenda mbio kidogo, lakini kuna mahali atasimama. Mtoto mgonjwa anaweza kuhema mara 60 au 70 kwa dakika usiku kucha, ila hawezi siku zote, na mtoto wa miezi tisa hana akiba kubwa ya nguvu. Ikifika saa yake, misuli inalegea. Pumzi zinapungua. Zile kelele zinakwisha kwa sababu hewa inayopita sasa ni kidogo, haina nguvu ya kupiga kelele. Kwa nje anaonekana ametulia.

Kwa hiyo, wapendwa, mjue tofauti. Mtoto anayepona anatulia na kifua chake hakibonyei tena. Anafungua macho, anakutazama, anatafuta ziwa, anataka kucheza. Mtoto aliyechoka anatulia lakini hanyonyi. Analegea, ni vigumu kumwamsha, pengine midomo na ulimi unageuka rangi ya buluu au kijivu. Huyo wa pili hana muda wa kungoja kupambazuke.

Tunajua swali litakaloulizwa, maana tuliliuliza sisi wenyewe. Je, kumkimbiza mtoto kituo cha afya katikati ya maombi si kumwonyesha Mungu kwamba hatumwamini? Kuna ndugu waliosema hivyo hadharani, na ni watu wanaoomba kweli. Tunawajibu kwa Neno.

Ezekieli alikuwa mkimbizi kama sisi, ametekwa na kupelekwa mbali, anakaa kando ya mto Kebari kati ya watu wake waliosema mifupa yao imekauka na tumaini lao limepotea. Bwana akamweka katika bonde la mifupa. Mlifundishwa habari hii tangu utotoni, lakini someni tena mstari wa 7 na wa 8 polepole, muone mpangilio wake. Kwanza mifupa inasogeleana, kila mmoja kwa mwenzake. Kisha inakuja mishipa inayoifunga. Kisha nyama. Kisha ngozi juu yake. Na hapo nabii anaona wazi kwamba miili imekamilika lakini haina pumzi. Ndipo anaamriwa auite upepo kutoka pande nne. Katika Mwanzo 2:7 ni vivyo hivyo: mavumbi yanafinyangwa kwanza, pua inatengenezwa, halafu ndipo Mungu anapulizia. Bwana angeweza kuanza na pumzi. Hakufanya hivyo. Alijenga nyumba kabla ya kumkaribisha mgeni. Anayetunza mbavu na misuli ya mtoto, awe mama, muuguzi au daktari, anaitunza kazi ya mikono ile ile, naye hapigani na Roho. Wale wanaopenda habari za Elisha na mtoto wa mwanamke Mshunami, katika 2 Wafalme 4, wakumbuke kwamba nabii aliomba, kisha akapanda kitandani, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, akatembea chumbani, akarudi tena. Aliomba na mikono yake ilikuwa na kazi. Mtoto akapiga chafya mara saba. Dada yetu muuguzi huwa anacheka akifika hapo, anasema chafya saba ni kipimo kizuri sana cha misuli ya kifua.

Tena kuna neno katika Kutoka 6:9 ambalo lilitugusa sisi tunaotembea nyumba kwa nyumba. Musa aliwaletea Waisraeli habari njema kabisa, wala hawakumsikiliza. Maandiko yanatoa sababu mbili: utumwa mgumu, na lile neno ambalo katika Kiebrania chake maana yake ni ufupi wa roho, na kwa Kiebrania roho, pumzi na upepo ni neno moja. Walikuwa na pumzi fupi. Mtu wa pumzi fupi hasikii hata ukimletea uhuru mlangoni. Tumewakuta akina mama hapa Nakivale ambao mhudumu wa afya wa kijiji alikwishawaambia mara mbili, mpeleke mtoto, na hawakwenda. Tukataka kuwakemea. Halafu tunakaa chini tunasikia: mume hajulikani aliko tangu njiani, watoto wengine wanne hakuna wa kuwaachia, chakula cha mgao kimepunguzwa, nauli hakuna, na kituoni wanasema lugha asiyoijua. Mama huyo hakumdharau mtoto wake. Hana pumzi. Ukitaka akusikie, mshikie wale watoto wanne kwanza.

Ndiyo maana sheria ya sabato katika Kutoka 23:12 inamtaja mgeni kwa makusudi, kwamba siku ya saba yeye naye apate kuvuta pumzi. Na sisi wa Kiswahili hatuhitaji kusoma Kiebrania ili tulione jambo hili. Kupumua, pumzi, kupumzika, kupumzisha: ni shina moja. Bwana Yesu anapowaita wenye kulemewa ili awapumzishe, mtu anayejua Kiswahili amesikia ndani yake ahadi ya hewa.

Tuseme sasa habari ya mtoto wa pili, kwa sababu msidhani tumeandika ili kulia tu.

Msimu mwingine wa mvua, tuliitwa tena jioni, nyumba nyingine, mtoto wa miezi mitano. Safari hii tulifungua dirisha na kuwaomba watu watoke nje. Tulimfunua kifua. Dada yetu alituachia saa yenye mshale wa sekunde, tukahesabu dakika nzima bila kuharakisha, kila tumbo linapopanda ni moja. Tulipata 68. Kifua kilikuwa kinabonyea. Mmoja akaenda kumwita kijana wa boda boda, mwingine akabaki na watoto wakubwa, nasi wengine tukaomba maombi mafupi kuliko yote tuliyowahi kuomba, pikipiki ikiwa inanguruma mlangoni.

Kwenye kituo cha afya walimbana kidoleni kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni iliyomo katika damu. Kilisoma 84. Waliotufundisha wanasema ikiwa chini ya 90 mtoto anahitaji kuongezewa. Wakampa dawa ya kwanza pale pale, wakamwekea mpira mwembamba puani, wakaita gari la wagonjwa limpeleke hospitali ya rufaa ya Mbarara. Hapo bibi yake akakataa kabisa. Alisimama mbele ya mlango akasema, huo mpira mimi naujua, kila niliyemwona amewekewa alikufa. Wapendwa, hatumcheki bibi yule. Alisema aliyoyaona, na wengi wenu mnasema hivyo hivyo kimoyomoyo. Muuguzi wa zamu, Mungu ambariki, hakumfokea. Alimwambia: bibi, ni kweli wengi wa hao walikufa, kwa sababu waliletwa wakiwa wamekwisha kuchoka, mpira uliwakuta njiani. Kisha akamwonyesha ile mashine. Haina dawa ya ajabu. Inavuta hewa ile ile iliyo chumbani, ambayo katika sehemu mia ina oksijeni kama sehemu 21, inachuja nyingine nyingi zisizohitajika, inampa mtoto iliyobaki. Ikiwa pafu limefungwa nusu, basi ile nusu iliyo wazi ipate hewa iliyo nzito kwa oksijeni, na misuli ipate nafuu wakati dawa inafanya kazi. Bibi akasogea.

Njia ya kutoka hapa kupita Isingiro hadi Mbarara mnaijua. Walifika usiku. Mtoto alikaa hospitalini siku sita. Tuliwatembelea siku ya nne, tukakuta mpira umeondolewa na yeye ananyonya huku ameshika nywele za mama yake. Shida kubwa ya mama ilikuwa lugha, kwani alijua Kiswahili na Kifuliiru, na wodini wengi husema Kinyankole na Kiingereza. Kijana mmoja wa kwetu anayesoma mjini alikuja kila asubuhi kumtafsiria. Kijana huyo hajahubiri hata mara moja katika kanisa hili, na sisi tunaona amehubiri vizuri.

Hatusemi kwamba mtoto wa kwanza alikufa kwa imani haba na wa pili aliishi kwa imani kubwa. Wako watoto waliofikishwa Mbarara mapema, wakapata kila kitu, na bado tuliwazika. Tunasema tu kwamba wa kwanza hatukumpa nafasi, na hilo tumelitubu mbele za Mungu na mbele ya wazazi wake.

Basi shikeni hesabu hizi, ziandikeni nyuma ya kadi ya chanjo. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Mhesabu akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Hata hesabu ikiwa ndogo, kama kifua kinabonyea, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea haamki, usihesabu tena, nenda. Kama anapumua upesi tu bila dalili hizo na amezidi miezi miwili, mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kumpima na kuanza dawa ya vidonge vinavyoyeyushwa katika maji. Maliza dozi hata akionekana amepona. Wa chini ya miezi miwili apelekwe kituoni moja kwa moja. Usimkate kimeo. Usimng'oe yale yanayoitwa hapa ebiino, ambayo wengine wetu tuliyajua kama meno ya plastiki. Ni ufizi na jino changa la mtoto, na kidonda chake kinaleta ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza.

Juu ya moshi tutasema kidogo kwa sababu mmechoka kuambiwa. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kwenda juu, na moshi wa kuni huvilegeza. Najua, mtasema, kupikia nje mvua ikinyesha ni maneno ya watu wenye nyumba za mabati. Ni kweli. Basi angalau mtoto asifungwe mgongoni wakati wa kuchochea moto, na kuni zikaushwe. Chanjo ni jambo jepesi zaidi: ile ya sindano katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya vijidudu viwili vikubwa vya nimonia, kimoja kilianza kuchanjwa Uganda mwaka 2002 na cha pili mwaka 2013. Ni bure kwa mkimbizi kama ilivyo kwa mwenyeji.

Na kwa watu wazima: kikohozi kilichopita wiki mbili kikapimwe kifua kikuu. Msikione haya.

Tangazo. Jumapili hii baada ya ibada dada yetu muuguzi atakaa chini ya mti ulio nyuma ya kanisa. Waje mama, baba, bibi na vijana wanaoachiwa wadogo zao. Leteni watoto walio wazima, hasa wanaolala, kwani kuhesabu hujifunzwa vizuri kwa mtoto asiye mgonjwa. Mwenye saa au simu yenye kuonyesha sekunde aje nayo. Akiba ya nauli ya wagonjwa iko kwa mama shemasi wa kila eneo. Mwenye shida aende hata usiku, asingoje barua. Wazee wanaoongoza mikesha wameombwa waje wote, na wamekubali kwamba nyumba yenye mtoto anayehema hawataanza wimbo wa kwanza kabla dirisha halijafunguliwa na pumzi hazijahesabiwa.